Mizani ya Haki na Ubunifu wa Mkoa Wetu

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Bariadi)



Ndugu viongozi wa Halmashauri za Walei, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, na ninyi vijana wa VIWAWA:

Tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mmelishangaa mlipoliona katika ratiba, yaani namna mkoa unavyoweza kugeuka kuwa kitovu cha ubunifu, cha ufundi mpya na cha ujasiriamali. Wapo watakaouliza: Je, Tume ya Haki na Amani inahusikaje na mitambo na kompyuta? Kazi ya Tume si kutetea wajane walionyang'anywa mashamba na kupatanisha wafugaji na wakulima? Ni kweli, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini tunapenda kuonyesha katika mada hii kwamba mambo haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mahali ambapo mizani inadanganya, ubunifu hauoti. Na mahali ambapo ubunifu umeota bila haki, matunda yake huliwa na wachache.

1. Hali yetu

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga. Una wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Ndio mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba katika Tanzania. Tuna ng'ombe, tuna mpunga, dengu, choroko, alizeti na viazi. Barabara ya lami imefika kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi. Umeme umefika vijiji vingi, na simu ya mkononi iko katika mfuko wa mchungaji wa ng'ombe.

Hata hivyo, sote tunajua kinachotokea msimu ukiisha. Pamba inapanda magari na kuondoka. Vijana nao wanapanda mabasi na kuondoka, kwenda Mwanza, Geita, Dar es Salaam. Kijana aliyesoma ufundi umeme hatumwoni tena ila kwenye msiba. Hivyo kila mwaka mkoa wetu unauza nje vitu viwili vikiwa ghafi: pamba yake na akili za watoto wake.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samueli, sura ya 13, tunasoma jinsi Waisraeli walivyokuwa hawana mhunzi hata mmoja katika nchi yao, kwa sababu Wafilisti walikuwa wamewazuia. Kila mtu aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake ilimbidi ashuke kwa Wafilisti na kulipa fedha. Mwandishi wa kitabu hicho hakuliona jambo hilo kuwa dogo. Alifahamu kwamba taifa lisilo na ufundi wake lipo mikononi mwa wengine, hata kama lina ardhi nzuri na watu wengi. Basi tujiulize: sisi majembe yetu tunayanoa wapi?

2. Kitovu cha ubunifu ni nini?

Tukisema kitovu cha ubunifu hatusemi jengo. Tunasema mahali ambapo watu wengi wenye ujuzi unaofanana wanaishi karibu, wanashindana, wanaibiana mawazo, wanakopeshana, na ambapo mtu aliyeanguka kibiashara anaweza kusimama tena bila kuhama. Mawazo yanatembea kutoka kwa mtu hadi mtu kama moto wa kuazima kwa jirani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Silicon Valley, katika jimbo la California nchini Marekani. Kabla ya Vita Kuu ya Pili bonde lile la Santa Clara lilisifika kwa mashamba ya matunda. Palikuwa na chuo kikuu, Stanford, na mwalimu mmoja, Frederick Terman, ambaye aliumizwa na kuona wanafunzi wake wakimaliza masomo na kuondoka kutafuta kazi upande wa mashariki wa nchi. Akawatia moyo wabaki na kuanzisha kazi zao palepale. Wawili kati yao, William Hewlett na David Packard, walianzisha kampuni yao mwaka 1939 katika banda la gari. Mwaka 1957 wahandisi wanane waliacha kazi kwa mwajiri ambaye hawakuelewana naye, wakaanzisha kampuni ya Fairchild Semiconductor. Kutoka kwa hao wanane na wenzao zikazaliwa kampuni nyingine nyingi, ikiwamo Intel mwaka 1968. Sheria za jimbo lile ziliwaruhusu kufanya hivyo, kwani mwajiri hakuweza kumfunga mfanyakazi asiende kufanya kazi kwa mshindani wake. Tena serikali ya nchi ile ilinunua kwa wingi bidhaa zao za mwanzo, hasa kwa ajili ya jeshi. Kwa hiyo wanaosema kwamba bonde lile lilijengwa na matajiri peke yao hawasemi habari yote.

Lakini tusiifiche sura ya pili. Katika bonde hilohilo leo pango la nyumba limekuwa ghali kiasi kwamba wapo wafanyakazi wanaolala ndani ya magari yao. Ubunifu umekuja, haki imebaki nyuma. Hatutaki kuiga jambo hilo.

Karibu nasi zaidi, tuitazame Nairobi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, vijana wachache walitengeneza programu waliyoiita Ushahidi, ili mwananchi aweze kutoa taarifa ya ghasia alizoziona kwa kutumia simu na intaneti. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya. Na mwaka 2010 watu wa mzunguko huohuo wa Ushahidi wakafungua iHub, ukumbi ambamo vijana wa kompyuta walikutana na kufanya kazi pamoja. Tuone mfuatano huo: kilio cha haki kilizaa chombo, na chombo kikazaa ukumbi wa kukutania. Kwa upande mwingine, mji mpya wa teknolojia wa Konza, ambao ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2013 kwa sherehe kubwa, umekwenda taratibu kuliko ilivyotangazwa. Hatuulaumu. Tunataka tu kuonyesha kwamba kujenga majengo na kuwaita watu ni kazi ngumu kuliko kuanza na watu ambao tayari wanatafutana.

3. Mfano wa mji mdogo

Huenda mtu akasema: Hizo ni habari za miji mikubwa, sisi ni watu wa mashamba na ng'ombe. Basi tusikilize habari ya mji mdogo.

Mwaka 1941 padre kijana, José María Arizmendiarrieta, alitumwa kuwa padre msaidizi katika mji wa Mondragón, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha mwaka 1939. Watu walikuwa maskini, wamegawanyika, na wengi walikuwa na ndugu waliouawa au kufungwa. Palikuwa na kiwanda kimoja kikubwa, ambacho kilifundisha ufundi watoto wa wafanyakazi wake na wachache wengine tu.

Padre yule hakuanza na kiwanda. Alianza na shule. Yeye na vijana wa parokia waliweka masanduku katika njia za mji ili kila mwananchi aandike atachangia nini, na watu wapatao 600 waliitikia. Mwaka 1943 shule ya ufundi ilifunguliwa ikiwa na wanafunzi wapatao 20. Baadhi ya wahitimu wake waliendelea na masomo ya juu bila kuuacha mji. Mwaka 1956 watano kati yao wakaanzisha karakana ya kutengeneza majiko ya mafuta ya taa, wakaiita Ulgor kwa herufi za majina yao. Ilikuwa ni ushirika: kila mfanyakazi ni mwanachama, na kila mwanachama ana kura moja. Mwanzoni walikubaliana kwamba mshahara wa juu usizidi mara tatu ya mshahara wa chini. Mwaka 1959 wakaanzisha benki yao wenyewe, Caja Laboral, ili akiba za watu wa pale ziwakopeshe watu wa pale. Leo ushirika huo una makumi ya vyama, vituo vya utafiti na chuo kikuu, na umeajiri makumi ya maelfu ya watu.

Padre mwenyewe hakushika cheo katika viwanda hivyo. Alifariki mwaka 1976. Wala ushirika huo haukukosa misukosuko: mwaka 2013 kiwanda chake kikongwe cha vyombo vya nyumbani kilifilisika. Lakini wengi wa wanachama wake walipokewa katika vyama vingine vya ushirika huo. Ndiyo maana ya kuwa na ndugu.

Tuhesabu miaka. Tangu padre afike hadi karakana ya kwanza ni miaka 15. Miaka 13 kati ya hiyo ilikuwa ya shule. Wanaotuahidi kwamba mkoa utageuka kwa mwaka mmoja wa bajeti hawajasoma habari hii.

4. Historia yetu wenyewe

Hatuna haja ya kwenda Hispania ili kujua nguvu ya ushirika. Katika Kanda hii ya Ziwa, mara baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima alipeleka pamba yake kwa mnunuzi bila kujua kusoma mizani. Aliambiwa uzito, akapokea fedha, akaondoka. Wengi walijua kwamba wanapunjwa, lakini hawakuwa na namna ya kuthibitisha. Ndipo wakulima walipoanza kuweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma na kuhesabu, wasimame karibu na mizani ya mnunuzi na kuhakiki uzito.

Tunaomba mlitafakari jambo hili. Ubunifu wa kwanza mkubwa wa kiuchumi katika nchi ya Wasukuma wakati huo haukuwa mtambo. Ulikuwa ni mtu mwaminifu aliyesimama kando ya mizani. Kutokana na uaminifu huo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima wakaanza kumiliki viwanda vya kuchambulia pamba. Ushirika huo ulihesabiwa miongoni mwa mikubwa kuliko yote iliyomilikiwa na Waafrika katika bara zima. Bomani akawa baadaye Waziri wa Fedha wa nchi yetu.

Halafu nini kilitokea? Ushirika ulipopanuka, baadhi ya wale waliowekwa kulinda mizani waligeuka kuwa wenye kuikandamiza kwa kidole. Manung'uniko yakazidi, serikali ikaingilia kati, na hatimaye vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima mwaka 1976. Vilirudishwa baada ya sheria ya mwaka 1982, na huku kwetu kikaja SHIRECU. Mwaka 1994 milango ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 2018 serikali ikaagiza tena pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS. Tumekwenda na kurudi katika njia ileile, na kila mara tulipokwama, tulikwama mahali pamoja: palipokosekana mtu mwaminifu kando ya mizani.

Wala tusiwanyooshee kidole viongozi na wanunuzi tu. Tunajua sote kwamba wapo wakulima wanaomwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili iwe nzito. Pamba chafu hushusha jina la pamba yote ya mkoa, na jina likishuka, bei hushuka kwa wema na wabaya pamoja. Mizani ina pande mbili.

5. Hazina tuliyo nayo

Wengine hudhani ubunifu ni kitu kinachotoka nje. Hilo si kweli. Wazee wetu walikuwa na ngitili, yaani eneo la malisho na miti lililofungwa wakati wa mvua ili litumike wakati wa kiangazi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ambapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga. Nchi ilikuwa imekaribia kuwa jangwa. Ngitili zilizotambuliwa wakati huo zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Wataalamu walipokubali kuwasikiliza wazee na kuujenga mradi juu ya desturi yao, ngitili zilienea hadi kuzidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Miti iliota tena kwa sababu maarifa ya mzee asiyejua kusoma yaliheshimiwa sawa na maarifa ya mwenye shahada.

Akina mama zetu nao walibuni michembe na matobolwa, namna mbili za kuhifadhi viazi ili visubiri miezi ya njaa. Mkulima wa Meatu alianza mwaka 1994 kulima pamba hai, isiyotumia dawa na mbolea za viwandani, katika mradi wa bioRe ulioletwa na kampuni ya Remei ya Uswisi, akalipwa nyongeza juu ya bei ya soko. Na wote mnawafahamu Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vyama hivi viwili vya ngoma hushindana, na kila upande hutafuta jambo jipya la kuwavuta watazamaji. Aliyeshindwa mwaka huu haendi mahakamani. Anarudi nyumbani kufikiri, na mwaka ujao anakuja na jambo lililo bora zaidi. Kitovu cha ubunifu hufanana na uwanja huo: ushindani mkali, uwanja mmoja, macho ya watu wote. Ikiwa tumeweza kufanya hivyo kwa ngoma, kwa nini tushindwe kwa ngozi, kwa maziwa na kwa nyuzi?

Na tumekwisha kuanza. Katika mpango wa mkoa wa kuitaka kila wilaya iwe na bidhaa yake, vijana wa Maswa walianza kutengeneza chaki za shule, na wenzao wa Meatu wakaanza kusindika maziwa. Kuanzia mwaka 2018 maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, hapa Bariadi. Mambo haya yalionyesha kwamba mkoa wa wakulima unaweza kutengeneza vitu na kuwaalika wengine waje kutazama. Swali lililobaki ni hili: Je, bidhaa moja inazaa nyingine? Kijana aliyejifunza kuendesha mashine ya chaki, je, yupo aliyemwezesha kuanzisha karakana ya kutengeneza mashine hiyo? Kiwanda kimoja kikikaa peke yake ni kama mbuyu katika uwanda: kinaonekana kwa mbali, lakini si msitu.

6. Vikwazo vilivyo ndani yetu

Tume ya Haki na Amani haina budi kusema wazi yale ambayo mikutano mingine huyapita kimya.

Kwanza, husuda na hofu ya uchawi. Mtu akijenga nyumba ya bati, akinunua trekta, huanza kuangaliwa kwa jicho baya. Na mwenye mali naye, akifiwa na mtoto au ng'ombe, huanza kumtafuta mchawi, na aghalabu kidole kinamwangukia bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 60. Damu ya wazee wasio na hatia imemwagika katika nchi hii ya Wasukuma. Hiyo ni dhambi inayomlilia Mungu, na pia ni mauaji ya ubunifu. Ni nani atakayethubutu kufanya jambo jipya mahali ambapo kufanikiwa ni hatari? Kijiji cha Gamboshi, katika wilaya hii ya Bariadi, kimesemwa nchi nzima kuwa makao ya wachawi. Wakazi wake ni wakulima kama sisi, lakini sifa hiyo imewaumiza, kwani mtumishi anayepangiwa kazi huko husita kwenda. Silicon Valley huvuta watu kwa jina lake. Gamboshi hufukuza watu kwa jina lisilo haki. Jina la mahali ni mali ya wote, na wote tuna wajibu wa kulisafisha.

Pili, binti zetu. Binti anayeozeshwa kabla hajamaliza shule kwa sababu baba yake ameona ng'ombe, ni mhandisi ambaye hatutampata. Mkoa unaotaka ubunifu huku ukiacha nusu ya vichwa vyake jikoni, ni kama mkulima anayefunga ng'ombe mmoja kwenye plau ya wawili.

Tatu, mikopo isiyorudishwa. Sheria, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria ya haki. Lakini mwaka 2023 utoaji wa mikopo hiyo ulisimamishwa nchini kote, kwa sababu zilionekana kasoro nyingi, vikiwamo vikundi hewa, na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Anayekopa kwa jina la kikundi kisichokuwapo hamwibii diwani. Anamwibia kijana mwenye wazo zuri ambaye atanyimwa mwaka ujao. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, dharau ya kazi ya mikono. Mzazi humwambia mtoto, "Usiposoma utakuwa fundi baiskeli." Kumbe katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli roho yake ili awe fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Fundi wa kuchomelea vyuma katika soko la Bariadi, anayetengeneza mikokoteni na kuirekebisha plau ya kiwandani ili ifae udongo wetu mzito, ni mtafiti. Hakuna aliyemwambia hivyo.

7. Tufanye nini?

Hatuna mamlaka ya kujenga chuo kikuu wala kupitisha bajeti ya mkoa. Lakini tunayo mambo ambayo yule padre wa Mondragón alikuwa nayo: watu, muda na uaminifu. Tunapendekeza mambo matano.

(a) Kila parokia iandike orodha ya mafundi wake wote, Wakatoliki na wasio Wakatoliki: seremala, fundi simu, mchomeleaji, mshonaji, mwenye mashine ya kukamua alizeti. Kisha iwaalike wakutane katika ukumbi wa parokia angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Wasiitwe kuhubiriwa. Waitwe waonyeshane kazi zao na kuelezana matatizo yao.

(b) Kila fundi aombwe kupokea vijana wawili wa kujifunza kwa mkataba ulioandikwa, wenye muda maalum, ili kijana asigeuzwe mtumwa wa kuchota maji kwa miaka mitano. Mmoja wa wawili hao awe binti.

(c) Wasomi wetu walio Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam wasiandikiwe barua za michango ya harusi na mazishi tu. Wanapokuja likizo, waombwe siku moja ya kufundisha wanachokijua. Akili iliyosafiri inaweza kurudi kwa awamu, hata kama mwenyewe bado yuko kazini mbali.

(d) Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyomo katika Jumuiya vitenge fungu dogo kwa ajili ya jaribio, yaani fedha ambayo kijana mwenye wazo jipya anaweza kukopeshwa, na akishindwa kwa uaminifu, akiwa ameonyesha daftari lake, asitangazwe mwizi. Aliyeanguka kwa kujaribu atofautishwe na aliyeanguka kwa kula.

(e) Tume katika kila parokia iteue watu wawili waaminifu wakae kando ya mizani wakati wa msimu wa pamba, kwa kukubaliana na AMCOS na wanunuzi. Wasome uzito kwa sauti. Waangalie pia kama pamba ni safi. Hivyo ndivyo ushirika ulivyozaliwa katika nchi hii, na hivyo ndivyo unavyoweza kuzaliwa upya.

Tukiyafanya haya, hatutaamka kesho tukaikuta Bariadi imekuwa California. Lakini baada ya miaka 15 mtoto aliyebatizwa mwaka huu atakuwa kijana wa kidato cha pili au cha tatu, naye atakuta mahali ambapo fundi anaheshimiwa, ambapo bibi yake yu salama, na ambapo mizani inasema kweli. Mtoto huyo hatakuwa na sababu ya kupanda basi ili atafute maisha. Na akilipanda, atajua njia ya kurudi.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni vitu gani tunavinunua kutoka mbali ambavyo mafundi wetu wangeweza kuvitengeneza? Kinachowazuia ni nini?

2. Je, yupo mtu katika Jumuiya yetu anayeogopa kuonyesha mafanikio yake? Kwa nini? Yupo mzee anayenong'onwa kuwa mchawi? Tutamlindaje?

3. Msimu uliopita wa pamba, uzito ulisomwa kwa haki? Nasi tulipeleka pamba safi?

4. Kati ya mapendekezo matano yaliyotajwa, ni lipi tunaloweza kulianza kabla ya mvua za kwanza? Nani atawajibika, na atatoa taarifa lini?

Mwenyezi Mungu abariki kazi ya mikono yetu.